Karl Ernst Osthaus

Karl Ernst Osthaus (Hagen, 15 Aprili 1874 – Meran, 25 Machi 1921) alikuwa mkusanyaji wa sanaa na mfadhili wa wasanii kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa makumbusho ya Folkwang katika mji wa Hagen, ambayo yalikuwa kati ya makumbusho ya kwanza duniani yaliyojengwa kwa ajili ya sanaa ya wakati wao. Aliwaita mjini kwake wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo ambao wengi wao walikuwa bado wanachekwa mahali pengine.

Alipofariki akiwa na umri wa miaka 46, mkusanyo wake uliuzwa kwa mji jirani wa Essen. Kwa sababu hiyo jina la Folkwang leo hujulikana zaidi kama la Essen, wakati jengo la kwanza bado lipo Hagen na linaitwa kwa jina la Osthaus mwenyewe.

== Familia na ujana ==

Hagen uko katika Westfalia, kwenye ukingo wa kusini-mashariki wa eneo la viwanda la Ruhr. Siku hizi ni mji wa ukubwa wa wastani wenye wakazi karibu 190,000, lakini mnamo mwaka 1900 ulikuwa na watu takriban 50,000 tu. Walikuwa hasa watu wa chuma, nguo na karatasi. Hapakuwa na chuo kikuu, wala mtawala wa zamani aliyeacha jumba la kifalme lenye picha ukutani. Mtu aliyetaka kuona sanaa alipaswa kupanda treni.

Baba yake Osthaus alikuwa mwenye benki. Mama yake, Selma Funcke, alitoka katika ukoo tajiri wa watengenezaji wa skrubu, naye alifariki muda mfupi baada ya kumzaa. Familia ilimtarajia kijana aingie katika biashara. Alipomaliza shule alianza mafunzo ya kazi hiyo, lakini afya yake ikayumba na hatimaye aliachiwa aende chuoni.

Alisoma falsafa, fasihi na historia ya sanaa katika vyuo vikuu kadhaa, kikiwemo cha Vienna, bila kukaa muda mrefu popote. Katika miaka hiyo alijiunga na makundi ya wanafunzi wenye siasa kali za utaifa wa Kijerumani. Jambo hilo halifanani na picha ya mtu ambaye baadaye alijaza nyumba yake kazi za Wafaransa, Wabelgiji na Waholanzi, lakini ni sehemu ya maisha yake.

Mnamo mwaka 1896 alirithi mali ya babu na bibi yake wa upande wa mama, jumla ya mark milioni tatu hivi. Alikuwa na umri wa miaka 22. Badala ya kuziingiza fedha hizo kiwandani aliamua kuzitumia kwa ajili ya elimu ya watu wa mji wake. Mwaka 1899 alimwoa Gertrud Colsman, binti wa familia ya wenye viwanda vya nguo, wakapata watoto watano. Gertrud alisafiri naye, aliwajua wasanii kwa karibu na alishiriki katika shughuli za makumbusho kuliko inavyosemwa katika maandishi mengi.

== Makumbusho ya Folkwang ==

Mwanzoni Osthaus hakufikiria makumbusho ya sanaa. Alikuwa amesafiri Afrika Kaskazini na nchi za Mashariki, akarudi na wadudu, mimea, mawe na vitu vya ufundi, naye alitaka kuvionyesha ili watu wa Hagen wajifunze elimu ya viumbe. Ujenzi ulianza mwaka 1898 kwa ramani ya msanifu Carl Gérard wa Berlin, aliyechora jengo la mtindo wa kale kama yalivyokuwa majengo mengi ya umma wakati ule.

Kuta zilipokuwa zimeshasimama, mnamo mwaka 1900, Osthaus alisoma makala ya Julius Meier-Graefe juu ya Henry van de Velde, msanii wa Ubelgiji aliyeacha uchoraji akageukia usanifu na samani. Osthaus alimtafuta mara moja. Matokeo yake ni jengo la ajabu kidogo: nje ni la Gérard, ndani ni la van de Velde, na anayeingia mlangoni anahama karne. Nguzo, ngazi, vizuizi vya chuma, makabati, hata vishikio vya milango vilichorwa na mkono mmoja, vyote kwa mistari inayopinda kama shina la mmea. Katikati ya ukumbi wa kuingilia iliwekwa chemchemi ya George Minne, Mbelgiji mwingine, yenye sanamu tano za vijana waliopiga magoti kuizunguka.

Van de Velde alibadilisha pia lengo la nyumba yenyewe. Alimfungulia Osthaus njia kwa wachoraji wapya wa Ufaransa, na wadudu wakaanza kusukumwa pembeni. Mwaka 1901 Osthaus alinunua picha ya Auguste Renoir inayomwonyesha Lise, msichana mwenye gauni jeupe na mwavuli, iliyochorwa mwaka 1867. Mwaka uliofuata alinunua picha ya Vincent van Gogh ya mvunaji katika shamba la ngano. Van Gogh alikuwa amekufa miaka 12 kabla yake, na hakuna makumbusho mengine nchini Ujerumani yaliyokuwa na kazi yake.

Makumbusho yalifunguliwa tarehe 9 Julai 1902. Jina la Folkwang lilichukuliwa katika hadithi za miungu ya Waskandinavia, ambamo ni makao ya mungu wa kike Freyja. Maana yake ni uwanja wa watu. Osthaus alilipenda kwa sababu ya maana hiyo. Aliamini kwamba sanaa si pambo la matajiri bali ni chakula cha mji mzima, na kwamba eneo lililojaa moshi na vyuma lilikihitaji kuliko Berlin au München. Je, wafanyakazi wa viwandani walifika kweli? Waliofika zaidi walikuwa wasanii, wanafunzi na wageni kutoka mbali. Wengi wa wenyeji walibaki wakishangaa.

=== Mkusanyo ===

Katika miaka iliyofuata Folkwang ilipata kazi za Paul Gauguin, zikiwemo mbili alizochora mwaka 1902 katika visiwa vya Marquesas mwishoni mwa maisha yake: msichana mwenye kipepeo cha mkononi, na ile inayoitwa "Hadithi za kishenzi". Zilikuwepo pia kazi za Paul Signac, Auguste Rodin, Ferdinand Hodler, Edvard Munch na Henri Matisse. Osthaus alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza wa Matisse nchini Ujerumani.

Tarehe 13 Aprili 1906 Karl Ernst na Gertrud walimtembelea Paul Cézanne nyumbani kwake Aix-en-Provence. Mzee huyo alijulikana kuwa mtu mgumu na mwenye kuogopa wageni, lakini aliwapokea vizuri, akawaonyesha kazi zake na kuwaeleza jinsi alivyotafuta kina cha picha kwa kutumia rangi. Gertrud alimpiga picha. Osthaus aliondoka na nia ya kununua michoro miwili, akaipata kwa mfanyabiashara wa Cézanne mjini Paris. Miezi sita baadaye Cézanne alifariki.

Wasanii vijana wa Ujerumani nao walipata nafasi. Kundi la Brücke la Dresden lilionyesha kazi zake Hagen mwaka 1907, na Emil Nolde alikuwa rafiki wa nyumba hiyo. Lakini aliyebaki hadi mwisho alikuwa Christian Rohlfs, mchoraji aliyehamia Hagen mwaka 1901 akiwa tayari na umri wa miaka zaidi ya 50. Osthaus alimpa chumba cha kazi ndani ya makumbusho. Kwa kuishi kila siku karibu na picha za van Gogh na wenzake, Rohlfs alianza upya katika umri ambapo wengine hupumzika, na leo anahesabiwa kati ya wachoraji wakubwa wa mkondo wa udhihirishaji.

Jambo moja lililoitofautisha Folkwang na makumbusho ya wakati wake ni namna ya kupanga vitu. Katika miji mikubwa ya Ujerumani vinyago vya Afrika na Oceania viliwekwa katika makumbusho ya mila na desturi, vikiwa vimerundikwa kabatini kama ushahidi juu ya watu waliotawaliwa. Osthaus alivinunua pamoja na barakoa za Japani, vigae vya nchi za Kiislamu, vyombo vya Misri ya kale na sanamu za Asia, akaviweka katika nyumba moja na picha za Ulaya, vitazamwe kwa umbo na uzuri wake. Hiyo haikufuta swali la jinsi vitu hivyo vilivyofika Ulaya, kwa kuwa soko lake lilitegemea ukoloni, na majina ya mafundi waliovichonga mara nyingi hayakuandikwa na mtu yeyote.

== Kuujenga mji ==

Osthaus hakuridhika na makumbusho. Alitaka Hagen yenyewe iwe kazi ya sanaa. Alinunua ardhi juu ya kilima mashariki mwa mji, mahali palipoitwa Hohenhagen, akapanga kujenga kitongoji chenye bustani na kugawa maeneo yake kwa wasanifu mbalimbali.

Van de Velde alimjengea hapo nyumba ya familia, Hohenhof, kati ya mwaka 1906 na 1908. Kila kitu ndani yake kilibuniwa pamoja na jengo: samani, mazulia, taa, vyombo vya mezani. Ukumbi wa kuingilia una picha kubwa ya Hodler iitwayo "Mteule", na Matisse alitengeneza picha ya vigae yenye sehemu tatu kwa ajili ya nyumba hiyohiyo. Mpango ulikuwa kwamba van de Velde ajenge sehemu moja ya kitongoji, Peter Behrens nyingine, na Mholanzi J. L. M. Lauweriks nyingine. Behrens alijenga nyumba chache, mojawapo ikiwa ya meya Willi Cuno. Lauweriks alimaliza mtaa wa nyumba tisa uitwao Stirnband. Sehemu kubwa ya kitongoji ilibaki katika karatasi.

Behrens alijenga pia jengo la kuchomea maiti huko Delstern, la kwanza katika ufalme wa Prussia. Lilikamilika mwaka 1908 lakini likakaa bila kazi kwa miaka kadhaa, kwa sababu sheria ya Prussia ilikuwa bado inakataza kuchoma maiti. Ruhusa ilitolewa mwaka 1911. Mahali pengine mjini Richard Riemerschmid alipanga makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, ambayo nayo yalijengwa kwa sehemu ndogo tu. Mholanzi Jan Thorn Prikker alitengeneza dirisha la vioo vya rangi kwa kituo kikuu cha reli mwaka 1911. Abiria wa treni bado wanaliona.

Si wote waliofurahi. Mchongaji Milly Steger, aliyehamia Hagen mwaka 1910 kwa mwito wa Osthaus, alichonga wanawake wanne wa mawe, wakiwa uchi na wakubwa kuliko watu, kwa ajili ya uso wa jumba jipya la maigizo. Wakazi wengi walikasirika, magazeti yakabishana, na ikadaiwa sanamu ziondolewe. Osthaus alimtetea, na sanamu zilibaki. Hata hivyo ugomvi huo ulionyesha jinsi alivyokuwa peke yake. Halmashauri ya mji ilimheshimu kwa utajiri wake zaidi ya mawazo yake, na gharama karibu zote zilitoka mfukoni mwake.

== Shughuli nje ya Hagen ==

Osthaus alikuwa mmoja wa watu muhimu wa Deutscher Werkbund, shirikisho la wasanii na wenye viwanda lililoundwa mwaka 1907 ili kuboresha ubora wa bidhaa. Aliongoza pia kwa muda Sonderbund, umoja uliotayarisha maonyesho makubwa ya sanaa mpya katika nchi za mto Rhine.

Mwaka 1909 alianzisha makumbusho ya pili yasiyo na jengo lake, yaliyoitwa Makumbusho ya Ujerumani ya Sanaa katika Biashara na Ufundi. Yalikusanya matangazo, vifungashio, vitambaa, vioo na picha za majengo, kisha yakazipeleka kutoka mji hadi mji kwa maonyesho ya kuzunguka. Moja ya maonyesho hayo lilivuka bahari mwaka 1912 na kuonyeshwa Newark, Marekani. Kuona karatasi ya kufungia biskuti kuwa jambo la makumbusho lilikuwa wazo geni wakati ule.

Alikuwa na jicho la kutambua watu pia. Huko Hispania, alikokwenda kutafuta vigae, alifahamiana na kijana mmoja wa Berlin ambaye hakuwa amemaliza masomo yake ya usanifu. Osthaus alimpeleka kwa Behrens apate kazi. Kijana huyo alikuwa Walter Gropius, ambaye mwaka 1919 alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar.

Katika mkutano wa Werkbund huko Köln mwaka 1914 ulizuka mgawanyiko mkubwa. Hermann Muthesius alitaka wabunifu wakubaliane juu ya maumbo ya kawaida yanayofaa kiwandani. Van de Velde alipinga kwa niaba ya uhuru wa msanii, na Osthaus na Gropius walisimama upande wake. Wiki chache baadaye vita vilianza na mjadala ukakatika. Van de Velde, akiwa Mbelgiji katika nchi iliyokuwa inaivamia Ubelgiji, aligeuka kuwa mtu wa taifa adui.

== Miaka ya mwisho ==

Vita vilisimamisha ujenzi wa Hohenhagen na kupunguza mali ya Osthaus. Mwenyewe aliugua kifua kikuu. Mnamo mwaka 1918 alipata shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha Würzburg kwa kazi juu ya maendeleo ya mitindo ya sanaa. Alianzisha nyumba ya uchapishaji ya Folkwang, iliyotoa vitabu vya msanifu Bruno Taut na vitabu vya picha juu ya sanaa za mabara mengine. Mwaka 1920 kilitoka humo kitabu chake mwenyewe kuhusu van de Velde.

Pamoja na Taut alipanga shule kubwa juu ya kilima cha Hohenhagen, ambapo watoto wangejifunza kwa kazi za mikono na sanaa. Ramani zilichorwa, fedha hazikupatikana. Alikwenda Meran, mji wa milimani katika Tirol ya Kusini uliojulikana kwa hewa inayofaa wagonjwa wa mapafu, akafariki huko.

== Mkusanyo baada ya kifo chake ==

Warithi walihitaji fedha na hawakuweza kuyaendesha makumbusho. Hagen ulikuwa mji usio na uwezo wa kulipa bei ya mkusanyo uliokuwa kati ya mikusanyo bora ya Ulaya. Kilomita 40 hivi kutoka hapo, Essen ulikuwa na makampuni ya makaa ya mawe na umeme. Wenye viwanda wa Essen waliunda chama, wakachanga, na mwaka 1922 wakanunua vyote pamoja na haki ya kutumia jina la Folkwang kwa mark milioni 15. Kiasi hicho kilionekana kikubwa, lakini sarafu ya Ujerumani ilikuwa tayari inaporomoka, na mwaka uliofuata mark milioni 15 hazikununua hata mkate mmoja. Watu wa Hagen waliona uchungu, na miongoni mwao kulikuwa na waliopitia mbele ya jengo hilo kwa miaka 20 bila kuingia. Nyumba tupu ikawa ofisi ya kampuni ya umeme.

Mjini Essen mkusanyo uliunganishwa na ule wa mji chini ya mkurugenzi Ernst Gosebruch. Inasimuliwa kwamba Paul J. Sachs, mmoja wa waanzilishi wa makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini New York, aliyaona mwaka 1932 na kuyahesabu kuwa makumbusho mazuri kuliko yote duniani. Mwaka uliofuata Wanazi walishika serikali. Gosebruch alilazimika kuondoka, na mwaka 1937 zaidi ya kazi 1,400 zilichukuliwa kama sanaa iliyopotoka. Rohlfs, aliyekuwa bado anaishi Hagen, akafa Januari 1938.

Picha ya Matisse ya wanawake watatu na kobe, ambayo Osthaus aliinunua mwaka 1908, ilipigwa mnada mjini Lucerne, Uswisi, mwaka 1939. Ilinunuliwa kwa niaba ya Mmarekani Joseph Pulitzer, na sasa iko katika makumbusho ya Saint Louis. Picha ya Cézanne ya machimbo ya mawe ya Bibémus, iliyonyang'anywa pia, ilinunuliwa tena na Essen mwaka 1964. Lise wa Renoir na mvunaji wa van Gogh hawakuondoka, nao wanaonekana Essen hadi leo.

== Hagen leo ==

Mji wa Hagen ulianza kukusanya upya, kwanza kwa kazi za Rohlfs. Baada ya Vita Kuu ya Pili makumbusho ya mji yalipewa jina la Karl Ernst Osthaus, na mwaka 1955 yalirudi katika jengo la mwaka 1902. Sehemu kubwa ya kazi ya van de Velde ilikuwa imeondolewa wakati wa ofisi, ikajengwa tena baadaye kwa kufuata picha za zamani. Chemchemi iliyopo ukumbini ni nakala. Ile ya Minne mwenyewe ilikwenda Essen pamoja na vingine. Tangu mwaka 2009 jengo limeunganishwa na makumbusho mapya ya Emil Schumacher, mchoraji aliyezaliwa Hagen mwaka 1912.

Hohenhof imehifadhiwa na iko wazi kwa wageni; vigae vya Matisse na picha ya Hodler viko mahali vilipowekwa. Mabaki ya Osthaus yaliletwa kutoka Meran mwaka 1971, akazikwa katika bustani ya nyumba hiyo.